Kanuni Iliyochelewa Kufika Machinjioni

Tarehe 29 Desemba 1970 Rais Richard Nixon alitia sahihi sheria ya usalama na afya kazini ya Marekani. Ndani ya kifungu chake cha 20 limo sharti fupi ambalo wengi waliobishana kuhusu chanjo miaka hamsini baadaye hawakulitaja. Linasema kwamba sheria hiyo haitachukuliwa kuwa inaruhusu au inalazimisha uchunguzi wa kitabibu, chanjo au matibabu kwa mtu anayevipinga kwa sababu za dini, isipokuwa pale inapobidi ili kulinda afya au usalama wa wengine. Kifungu chenyewe kinahusu utafiti, lakini sharti linajieleza kuwa linagusa sheria nzima. Wabunge hawamwekei mtu kinga dhidi ya amri ambayo haiwezi kutolewa, kwa hiyo waliotunga sheria ile walijua kuwa siku moja chanjo ingeweza kuwa suala la usalama kazini, na wakajua pia kuwa usalama wa jirani unaweza kuzidi pingamizi la mtu mmoja. Januari 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoizuia kanuni ya serikali iliyowataka waajiri wakubwa wahakikishe wafanyakazi wao wamechanjwa au wanapimwa kila wiki, maelezo yaliyoenea yalikuwa kwamba chanjo haina mahali katika sheria za kazi. Historia ya sheria hizo inayakana maelezo hayo. Ninachokiona ndani yake ni kwamba kanuni ilianguka kwa sababu serikali ilikataa kuiandika mwaka 2020, hatari ilipokuwa imesimama wazi katika sehemu za kazi zinazojulikana kwa majina, kisha mwaka 2021 ikaiandika kwa kuhesabu vichwa vya wafanyakazi wa kampuni badala ya kuitazama hatari yenyewe.

Shirika lililozaliwa na sheria hiyo, OSHA (Watanzania wasilichanganye na wakala wao wenye herufi hizohizo), lilianza kazi Aprili 1971. Kongresi ilikuwa imeelezwa kwamba Wamarekani wapatao 14,000 walikuwa wakifa kazini kila mwaka. Sheria ililipa shirika hilo njia mbili kuu za kutunga kanuni. Ya kwanza ni ndefu: tangazo, maoni ya umma, vikao, ushahidi, na mara nyingi miaka kadhaa ya kesi. Ya pili ni ya dharura. Pale wafanyakazi wanapokabiliwa na hatari kubwa itokanayo na vitu vyenye sumu au madhara, au na hatari mpya, shirika linaweza kutoa kanuni inayoanza kazi mara inapochapishwa, bila kusubiri maoni ya mtu yeyote, kwa matarajio kwamba ndani ya miezi sita kanuni ya kudumu itachukua nafasi yake. Nguvu hiyo ilikuwa kubwa na kwa hiyo majaji waliiangalia kwa jicho kali. Kati ya 1971 na 1983 OSHA iliitumia mara tisa. Kanuni sita kati ya hizo zilipelekwa mahakamani, na moja tu ndiyo iliyotoka ikiwa nzima. Ya mwisho, iliyohusu asbesto, ilizuiwa mwaka 1984 na mahakama ya rufaa ileile iliyokuja kuizuia kanuni ya chanjo miaka 37 baadaye. Aliyeandika kanuni ya dharura mwaka 2021 alikuwa anajua, au alipaswa kujua, kwamba anapita njia ambayo wengi waliomtangulia hawakufika mwisho wake.

Chanjo iliingia rasmi katika kanuni za OSHA Desemba 1991, na iliingia kwa mlango wa hospitali. Katika miaka ya 1980 wauguzi, mafundi wa maabara, wafua mashuka na wazoa taka za hospitali walikuwa wakiambukizwa homa ya ini aina ya B kupitia sindano na damu za wagonjwa. Chanjo ilipatikana tangu 1982, lakini kuipata kulitegemea hiari ya mwajiri. Vyama vya wafanyakazi viliomba kanuni ya dharura mwaka 1986, vikakataliwa, na hatimaye Kongresi yenyewe ikalipa shirika tarehe ya mwisho. Kanuni iliyotoka ilimtaka mwajiri ampe chanjo bure kila mfanyakazi anayeweza kugusana na damu, ndani ya siku kumi za kazi tangu alipopangiwa kazi hiyo. Anayekataa alitia sahihi fomu ya kukataa, na akibadili mawazo baadaye chanjo ilibaki haki yake, bado bila malipo. Makadirio ya wataalamu wa afya wa Marekani yanaonyesha kuwa maambukizi ya kazini ya ugonjwa huo yalikuwa zaidi ya 10,000 mwaka 1983 na chini ya 400 mwaka 2001. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na glovu na utupaji bora wa sindano, mambo ambayo kanuni hiyohiyo iliyaamuru. Kwa hiyo mtu akisema kwamba serikali ya Marekani haikuwahi kuihesabu chanjo kuwa kifaa cha usalama kazini, fomu hiyo ya kukataa, iliyotiwa sahihi katika hospitali za nchi nzima kwa miaka thelathini, inamjibu.

Kanuni nyingine mbili zinafaa kuangaliwa kwa makini, maana ndizo zinazoonyesha utaratibu ambao OSHA iliujenga kuhusu upimaji wa mwili wa mfanyakazi. Ya kwanza ni ya madini ya risasi, ya mwaka 1978. Wafanyakazi wa viwanda vya betri na viyeyushio walipimwa damu kwa gharama ya mwajiri. Kiwango cha risasi kikizidi kiasi kilichowekwa, mfanyakazi aliondolewa sehemu yenye hatari, lakini mshahara na cheo chake vililindwa kwa muda wa hadi miezi 18. Sababu ya kulinda mshahara ilikuwa ya kiutu na ya kiakili kwa pamoja: mtu akijua kwamba kipimo kitamkatia ugali, atakwepa kipimo, na hatari itabaki gizani. Viwanda vilishtaki, na mwaka 1980 mahakama ya rufaa ya Washington ikaukubali ulinzi huo. Kanuni ya pili ni ya kelele, iliyokamilishwa mwaka 1983, iliyowataka waajiri kupima usikivu wa wafanyakazi kila mwaka, bure, pale wastani wa kelele kwa saa nane unapofika desibeli 85. Wenye viwanda vya kufua vyuma walidai kwamba masikio huharibika hata nje ya kazi, kwa bunduki za kuwindia na muziki wa majumbani, kwa hiyo hatari hiyo si ya kazini. Majaji wachache wa mahakama nyingine ya rufaa waliwakubalia mwaka 1984. Mwaka uliofuata jopo zima la mahakama hiyohiyo likautengua uamuzi huo na kuirudisha kanuni, likikataa hoja kwamba hatari ya kiwandani inapoteza jina lake kwa kuwa inapatikana pia kwingine. Ukiziweka pamoja kanuni hizi, unaona mambo mawili ambayo hayakuyumba: mwenye kiwanda ndiye anayelipa gharama ya kupima, na kinachopimwa ni hatari inayotoka kwenye sehemu fulani ya kazi.

Palikuwa pia na kushindwa kulikotabiri mengi. Kifua kikuu kilipoibuka upya katika hospitali, magereza na makazi ya wasio na nyumba, OSHA ilipendekeza kanuni Oktoba 1997. Ilikuwa kanuni ya ugonjwa unaosafiri hewani, kama ulivyokuja kuwa ule wa 2020. Miaka sita ilipita katika vikao, na siku ya mwisho ya mwaka 2003 pendekezo likafutwa. Kama kanuni ile ingekuwepo, Marekani ingeikuta korona ikiwa na msingi wa kisheria wa kushughulikia hewa ya kazini, barakoa zinazofaa na upimaji, angalau katika sehemu za afya.

Sasa twende Sioux Falls, jimbo la South Dakota, kwenye kiwanda cha nguruwe cha Smithfield, kwa kuwa hapo ndipo suala zima lilipojionyesha kwa tarakimu. Kesi ya kwanza ya UVIKO-19 kiwandani ilithibitishwa Machi 24, 2020. Kufikia Aprili 25, wafanyakazi 929 kati ya 3,635 walikuwa wamegundulika kuwa na virusi, yaani zaidi ya robo. Miongoni mwa watu 2,403 waliokuwa karibu na wagonjwa hao nje ya kazi, waliogundulika walikuwa 210, chini ya asilimia 9. Wachunguzi wa kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, hawakuishia kwenye jumla. Waliugawa ugonjwa kwa idara na kwa aina ya ajira. Katika idara za kuchinja, kukata na kuandaa nyama, ambako watu wengi walisimama kwenye laini ya uzalishaji wakiwa karibu kuliko futi sita, yaani chini ya mita mbili, karibu asilimia 30 waliambukizwa. Wafanyakazi wasiolipwa mshahara wa mwezi waliambukizwa kwa asilimia 26.8, na wenye mshahara wa mwezi kwa asilimia 14.8. Watu hawa walikuwa wakazi wa mji mmoja, walinunua mahitaji katika maduka yaleyale na walipita mitaa ileile. Kilichowatenganisha kilikuwa mahali waliposimama zamu ilipoanza. Katika taarifa yao ya Aprili 22 wachunguzi waliandika kwamba lugha zipatazo 40 zilizungumzwa kiwandani humo, na katika orodha ya kumi kuu Kiswahili kilikuwemo, pamoja na Kikunama, Kitigrinya, Kiamhari, Kioromo, Kinepali na nyinginezo. Kwa hiyo si hadithi ya watu wa mbali kwa msomaji wa Kiswahili: lugha hii ilikuwa kwenye laini ile ya nyama, midomoni mwa wahamiaji na wakimbizi ambao kazi ya kisu ndiyo iliyowapokea nchi ngeni. Mwezi huohuo wa ugonjwa kampuni iliahidi bonasi ya dola 500 kwa watakaomaliza zamu zao bila kukosa. Nia iwe ilikuwa nini, bonasi ya namna hiyo humvuta mwenye homa aje kazini, kinyume kabisa na hekima ya kanuni ya risasi ya 1978.

Hapo ndipo palipohitaji kanuni ya dharura, na iliombwa. Mwezi Machi shirikisho la vyama vya wafanyakazi, AFL-CIO, lilikuwa tayari limewasilisha ombi kwa Wizara ya Kazi, na Mei likaenda mahakamani. Wizara, chini ya Waziri Eugene Scalia, ilijibu kwamba kanuni mpya haihitajiki, kwa kuwa sheria tayari inamtwika kila mwajiri wajibu wa jumla wa kuweka mahali pa kazi bila hatari kubwa zinazojulikana, na kwamba mwongozo unatosha. Mahakama ya rufaa ya Washington ilikubaliana na wizara tarehe 11 Juni. Mwongozo wa machinjio ulikuwa umetolewa Aprili 26, na siku mbili baadaye Rais Donald Trump akatoa amri ya kuhakikisha viwanda vya nyama vinaendelea kufanya kazi. Mwongozo ni ushauri. Mkaguzi hawezi kumtoza mtu faini kwa kutoufuata ushauri. Matokeo ya wajibu wa jumla yalionekana Septemba. OSHA iliitoza Smithfield dola 13,494, baada ya kueleza kwamba wafanyakazi wasiopungua 1,294 wa kiwanda hicho waliugua na wanne walikufa. Ukiigawa faini kwa wagonjwa, kila mmoja anapata dola kumi na senti chache. Sisemi faini ndiyo thamani ya binadamu, wala mkaguzi hakuwa na uwezo wa kutoza zaidi ya kiwango cha sheria kwa kosa moja. Hiyo ndiyo sababu kanuni mahsusi zilibuniwa: zinataja umbali, kifaa, kipimo na muda, na kila kilichokosekana kinakuwa kosa linalohesabika, kabla mtu hajafa.

Utawala ulipobadilika Januari 2021, Rais Joe Biden alilitaka shirika liamue ifikapo katikati ya Machi kama kanuni ya dharura inahitajika. Tarehe ilipita. Kanuni iliyotoka Juni iliwahusu watumishi wa afya peke yao. Wakata nyama waliachwa tena na mwongozo. Kisha ikaja aina ya virusi ya Delta, hospitali zikajaa, na Septemba 9 rais akatangaza mpango mpana wa kuchanja taifa, ambao kanuni ya kazini ilikuwa sehemu yake mojawapo. Utangulizi huo uliidhuru kanuni kabla haijaandikwa, kwa sababu ilizaliwa hadharani kama chombo cha kuongeza idadi ya waliochanjwa nchini, na mawakili wa upande wa pili hawakuacha kuwakumbusha majaji. Ilichapishwa Novemba 5. Iliwahusu waajiri wenye wafanyakazi 100 au zaidi, jumla ya watu wapatao milioni 84. Asiyechanjwa alitakiwa kupimwa kila wiki na kuvaa barakoa. Waliofanya kazi peke yao, nyumbani, au nje tu muda wote, waliachwa. Mwajiri alitakiwa kutoa hadi saa nne zenye malipo kwa ajili ya chanjo. Shirika lilikadiria kwamba katika miezi sita kanuni ingeokoa maisha zaidi ya 6,500 na kuzuia watu zaidi ya 250,000 kulazwa. Lakini gharama ya kipimo haikuwekwa kwa mwajiri. Shirika lilieleza kuwa hilo lingewasukuma watu wachague chanjo. Hapa ndipo ninapoona mkengeuko mkubwa zaidi kuliko wote. Tangu risasi na kelele, kipimo kilikuwa ulinzi wa mfanyakazi na deni la mwenye mahali pa kazi. Mwaka 2021 kikageuzwa kuwa msukumo, bili inayomfuata asiyetii. Mara kipimo kilipotumika hivyo, wapinzani waliosema kwamba lengo ni chanjo na wala si usalama wa karakana walipata ushahidi ndani ya kanuni yenyewe.

Mahakama zilifanya kazi upesi. Siku moja baada ya kuchapishwa, mahakama ya rufaa ya New Orleans iliisimamisha, na Novemba 12 ikathibitisha zuio hilo. Kesi nyingi za nchi nzima zilikusanywa na kupelekwa kwa kura ya bahati nasibu kwenye mahakama ya Cincinnati, ambayo Desemba 17 iliondoa zuio kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Januari 7, 2022 Mahakama ya Juu ilisikiliza hoja. Jengo lilikuwa limefungwa kwa umma, mawakili walitakiwa wapime kabla ya kuingia, na wawili kati yao, waliokuwa wakiyawakilisha majimbo ya Ohio na Louisiana dhidi ya kanuni za serikali, walizungumza kwa simu kwa kuwa vipimo vyao vilionyesha wana virusi. Mahakama iliuchukulia ukumbi wake kuwa mahali pa kazi ambapo hewa ya pamoja inaweza kudhibitiwa kwa kipimo na umbali, na ilifanya vizuri. Tarehe 13 ikaamua, sita kwa watatu, kuizuia kanuni. Walio wengi walisema sheria ya 1970 inaruhusu kuweka viwango vya usalama kazini, haikulipa shirika uwezo wa kusimamia afya ya umma kwa ujumla; kwamba virusi vinaenea majumbani, mashuleni na viwanja vya michezo; na kwamba chanjo haivuliwi zamu inapoisha. Lakini waliacha nafasi. Walikiri kwamba OSHA inaweza kutunga kanuni pale ugonjwa unapokuwa hatari ya pekee kutokana na aina ya kazi au ya mahali, na wakataja mazingira yenye msongamano mkubwa. Walilalamika kwamba kanuni iliwaweka waokoaji wa ufukweni kundi moja na wakata nyama. Majaji wa New Orleans walikuwa wametoa mfano wa jinsi hiyohiyo: mlinzi wa usiku aliye peke yake upande mmoja, na upande wa pili mkata nyama aliyebanana bega kwa bega na wenzake. Mara mbili, katika hukumu mbili, mfanyakazi aliyetajwa kuwa mfano wa anayestahili kulindwa ni yuleyule aliyenyimwa kanuni mwaka 2020.

Kwamba majaji walikuwa sahihi kuhusu upana wa kanuni hakuifanyi hoja yao ya ugonjwa ulioko kila mahali kuwa sahihi. Moto nao uko kila mahali, na maji machafu pia, na hakuna anayedai milango ya dharura ya viwandani iwe ni suala la zimamoto wa mji peke yao. Kesi ya kelele ilikuwa imelijibu swali hili mwaka 1985. Majaji watatu waliopinga, Breyer, Sotomayor na Kagan, walieleza kitu ambacho mfanyakazi yeyote wa zamu anakijua: kazini hujichagulii watu wa kukaa nao, wala umbali, wala saa. Anayeogopa uwanja wa mpira hubaki nyumbani. Anayeogopa laini ya nyama hupoteza kodi ya nyumba. Tarakimu za Sioux Falls zilikuwa zimeonyesha jambo hili kwa vipimo mwaka na nusu kabla. Kwa maoni yangu Mahakama ilimtupa jongoo na mti wake: ilikuwa na kanuni iliyoenea mno, na ingeweza kuiacha isimame kwa sehemu za kazi ambazo yenyewe ilikiri zina hatari ya pekee. Siku hiyohiyo, kwa kura tano dhidi ya nne, iliruhusu sharti la chanjo kwa watumishi zaidi ya milioni 10 wa vituo vya afya vinavyopokea fedha za bima za serikali, Medicare na Medicaid. Msingi wa kisheria ulikuwa mwingine, masharti ya fedha, lakini mantiki ilikuwa ileile ninayoitetea: hatari ilitajwa kwa mahali pake na kwa watu wake.

Pingamizi zito zaidi ni la uhuru wa mwili, na halistahili kupuuzwa. Chanjo huingia mwilini na haitoki. Watetezi wa kanuni walipenda kutaja kesi ya Jacobson ya mwaka 1905, ambapo Mahakama ya Juu ilikubali faini ya dola tano dhidi ya mchungaji wa Cambridge, Massachusetts, aliyekataa chanjo ya ndui. Kesi hiyo haiwasaidii kama wanavyodhani, maana ilihusu mamlaka ya jimbo kulinda wakazi wake, wala haikuuliza shirika la kazi la taifa linaweza nini. Jibu bora liko katika sharti la 1970 nililoanza nalo, na katika tofauti ya magonjwa. Muuguzi anayekataa chanjo ya homa ya ini B hujihatarisha zaidi yeye mwenyewe, kwa hiyo sahihi yake kwenye fomu inatosha. Anayepumua virusi vya hewani kwenye chumba chenye watu mia anawahusisha wote mia. Kwa bahati mbaya shirika lilijenga kanuni yake ya Novemba hasa juu ya hatari wanayoipata wasiochanjwa wenyewe, msingi dhaifu zaidi kati ya miwili, kwa kuwa unaalika swali la kwa nini mtu mzima asiachiwe kujiamulia hatari yake. Na bado kanuni haikumlazimisha mtu kuchanjwa: mlango wa barakoa na kipimo ulikuwa wazi. Ungekuwa wazi kwa haki kama kipimo kingekuwa bure.

Wengine wanasema matukio yenyewe yaliipita kanuni, kwa kuwa aina ya Omicron iliyokuwa ikienea Januari 2022 iliwaambukiza hata waliochanjwa. Ni kweli kuhusu maambukizi, si kweli kuhusu vifo. Scott Kirby, mkuu wa United Airlines, aliwaandikia wafanyakazi mwezi huo kwamba takriban 3,000 kati yao walikuwa na virusi, na hakuna aliyechanjwa aliyekuwa hospitalini; kabla ya sharti la chanjo la kampuni, zaidi ya mfanyakazi mmoja kwa wastani alikuwa akifa kila wiki, na sasa wiki nane zilikuwa zimepita bila kifo cha UVIKO miongoni mwa waliochanjwa. Mfano huohuo unatumiwa na wanaodai kwamba serikali haikuhitajika, kampuni zenyewe zingefanya. Kampuni ya nyama ya Tyson, iliyokuwa na wafanyakazi 120,000 Marekani, ilitangaza sharti lake Agosti 2021 wakati chini kidogo ya nusu ndio waliochanjwa, na kufikia mwisho wa Oktoba walikuwa zaidi ya asilimia 96, baada ya kukubaliana na chama cha wafanyakazi juu ya likizo ya ugonjwa yenye malipo. Nakubali kwamba makubaliano ya namna hiyo ni bora kuliko amri. Lakini sheria ya 1970 haikutungwa kwa ajili ya mwajiri mwema. Na katika jimbo la Texas gavana alipiga marufuku Oktoba 2021 kampuni yoyote kulazimisha chanjo, kwa hiyo hata hiari hiyo ya waajiri ilikuwa inazibwa na serikali nyingine.

OSHA iliiondoa kanuni ya Novemba tarehe 26 Januari 2022, bila kurudi na nyembamba zaidi kwa machinjio, maghala na viwanda vyenye msongamano, ingawa hukumu yenyewe ilikuwa imeonyesha pa kupita. Ushahidi wa kuiandika ulikuwepo tangu masika ya 2020, umegawanywa idara kwa idara: umbali kwenye laini, hewa, vipimo kwa gharama ya mwajiri, mshahara kwa anayetengwa, chanjo wakati wa zamu, maelezo kwa lugha ambazo watu wanazizungumza. Smithfield ilimaliza shauri lake Novemba 2021 kwa kulipa dola zilezile 13,494 na kukubali kuandaa mpango wa kukabili magonjwa ya kuambukiza katika viwanda vyake. Sharti la watumishi wa afya lilifutwa mwaka 2023. Kanuni ya kudumu ya UVIKO kwa sehemu za afya, iliyokuwa imebaki mezani, ilifungwa Januari 2025 kama ilivyofungwa ile ya kifua kikuu, na aliyesimama kwenye laini ya nyama akarudi kwenye wajibu wa jumla uleule ambao mwaka 2020 aliambiwa unamtosha.